Mapatano ya Java na C

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu mpaka usioonekana kwa macho, ambao kila mwenye simu ya Android huuvuka mara nyingi kwa siku bila ya kuwa na habari nao. Mtu wa Tanga au wa Kisumu anapoifungua simu yake kutafuta ujumbe wa M-Pesa uliomfikia jana, kidole chake hugusa programu iliyosimama juu ya lugha ya Java. Walakini ujumbe wenyewe umehifadhiwa katika hazina ya data iitwayo SQLite, nayo SQLite, tangu ilipoasisiwa na Mmarekani D. Richard Hipp katika mwaka wa 2000, imeandikwa kwa lugha ya C. Lugha mbili hizi hazifanani kwa tabia, na hata hivyo ombi la kuutafuta ujumbe hutoka upande mmoja likafika upande wa pili, na jibu likarudi, kabla mwenye simu hajapepesa jicho. Sheria zinazouwezesha muamala huo huitwa JNI. Rai yangu, ambayo nitaitetea kwa kadiri ya uwezo wangu, ni kwamba ukali wa sheria hizo, ambao waandishi wa programu huulalamikia mno, ni hekima iliyopatikana kwa hasara, na anayeuona kuwa ni usumbufu mtupu hajazingatia yanayotukia zinapovunjwa.

Tuanze na tabia za hao wawili. C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya watu waliokuwa wakiujenga mfumo endeshi wa Unix na waliotaka kuishika kumbukumbu ya kompyuta kwa mikono yao wenyewe. Katika C, mwandishi wa programu huomba nafasi ya kumbukumbu, hupewa anwani yake, huitumia apendavyo, na haja yake ikiisha humpasa airudishe. Asipoirudisha, nafasi hupotea. Akiirudisha mara mbili, au akiandika nje ya mipaka yake, hapana wa kumzuia, na adhabu humfikia baadaye, pengine mbali kabisa na pale alipokosea. Java, iliyotangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwezi wa Mei 1995, ikiwa ni kazi ya James Gosling na wenzake, ilikusudia kinyume cha hayo. Humo anwani hazionekani kabisa. Programu haikabidhiwi prosesa moja kwa moja, bali huendeshwa na mashine pepe, ambayo huvisimamia vitu vyote, na ndani ya mashine hiyo yumo mzoa taka, ambaye kazi yake ni kuviondoa vitu visivyohitajiwa tena, na ambaye aghalabu huvihamisha vilivyobaki kutoka mahali hadi mahali, ili nafasi tupu zikae pamoja. Jambo hili la kuhamisha nawaomba mlihifadhi, maana karibu kila sharti nitakalolitaja linatokana nalo.

Yamkini msikilizaji atauliza, ikiwa Java imejengewa nyumba salama namna hiyo, ina haja gani ya kumwendea C? Haja ipo, na ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Saa ya kompyuta, faili, mtandao na skrini vyote vimo mikononi mwa mfumo endeshi, na mifumo endeshi iliyo mashuhuri imeandikwa kwa C au kwa lugha za ukoo wake. Methodi ya Java inayouliza ni saa ngapi sasa, iitwayo currentTimeMillis, haina mwili wowote ndani ya Java. Ni jina lililotangazwa tu, na anayejibu ni msimbo asilia ulio chini yake. Juu ya hayo iko mirathi kubwa, maana kazi za miongo mingi za hesabu, za picha, za sauti na za kuficha siri zimekwisha kuandikwa kwa C na kujaribiwa katika shida na raha, na kuziandika upya kwa Java ni kuupoteza umri bila ya faida.

Toleo la kwanza la Java, lililotoka Januari 1996, lilikuwa na njia yake ya kuonana na C, nayo ilikuwa njia ya mkato. Kitu cha Java kilifunuliwa mbele ya C kama muundo wa kumbukumbu ulio wazi, na fanksheni ya C ikaweza kutia mkono ndani yake, kusoma na kubadili, bila ya kubisha hodi. Sheria za lugha ya Java hazisemi hata kidogo vitu vipangwe vipi ndani ya kumbukumbu. Basi kila mjenzi wa mashine pepe alikuwa na mpango wake, na msimbo wa C uliofaa kwa mashine moja haukufaa kwa nyingine. Tena, maadamu C ilikuwa imeshika anwani tupu, mzoa taka hakuweza kukihamisha kitu bila ya kuiacha C ikiwa imeshika anwani ya mahali palipohamwa. Netscape ikajitungia njia yake, iliyoitwa JRI, na Microsoft nayo ikajitungia yake, iliyoitwa RNI, hata ikawa mtu mwenye maktaba moja ya C analazimika kuiandikia madaraja kadhaa, moja kwa kila mashine. Kutokana na hali hiyo Sun walishauriana na wenye leseni ya Java, wakiichukua njia ya Netscape kuwa mwanzo wa majadiliano, na katika toleo la 1.1, mwaka wa 1997, JNI ikadhihiri.

Wala mapatano hayo hayakupita bila ya ugomvi. Mwezi wa Oktoba wa mwaka uo huo Sun waliishitaki Microsoft katika mahakama ya California, na miongoni mwa malalamiko yao ni kwamba Microsoft imeuza Java isiyo na JNI. Mnamo Novemba 1998 jaji aliiamuru Microsoft iitie JNI katika bidhaa zake, na shauri likamalizika Januari 2001 kwa suluhu, Microsoft ikalipa dola milioni 20. Nalitaja jambo hili ili ijulikane kwamba namna ya lugha mbili kusemezana ilionekana na watu wazima kuwa ni jambo la kupelekana mahakamani.

Sasa tuitazame siri yenyewe ya JNI. Mfikirie mfanyabiashara aliyeweka magunia yake ya karafuu katika bohari ya bandarini. Hapewi funguo, wala haonyeshwi kona lilimowekwa gunia lake, hupewa stakabadhi. Mwenye bohari ana hiyari ya kulihamisha gunia usiku kutoka kona hii hadi ile, na mfanyabiashara hadhuriki, maana asubuhi akiitoa stakabadhi yake, gunia ataletewa. Ndivyo JNI inavyoitendea C. Fanksheni ya C haipewi kamwe anwani ya kitu cha Java, bali hupewa rejeo, na kila inapotaka kusoma sehemu ya kitu hicho, au kuiita methodi yake, au kuijua klasi yake, sharti ipitie katika jedwali la fanksheni lililowekwa na mashine pepe, ikilitoa rejeo hilo. Kwa hiyo mzoa taka anabaki huru kuhamisha, kila mjenzi wa mashine anabaki huru kupanga kumbukumbu yake atakavyo, na maktaba ile ile ya C hufanya kazi kwa mashine zote zinazoheshimu mapatano. Gharama yake ni kwamba kila mvuko una ushuru wake wa muda, na kompaila ya Java, ambayo kwa desturi huzichanganya methodi ndogo ndogo ili mwendo uwe mwepesi, hushindwa kuchungulia ng'ambo ya mpaka. Mimi naiona gharama hiyo kuwa ni ya haki.

Jinsi mwito unavyofika ng'ambo ni jambo la kustahili kutazamwa kwa karibu. Tuseme ninayo klasi ya Java iitwayo Salamu, ndani ya kifurushi kiitwacho pwani, na ndani yake methodi iitwayo toa. Nikiliweka neno native mbele ya methodi hiyo, nimekwisha kuiambia kompaila kwamba isitafute mwili wake hapa. Halafu klasi, inapoamka, huiita methodi loadLibrary ili kuipakia maktaba, na jina ninalolitoa huvikwa nguo ya mahali: penye Linux huwa faili lenye kuanza kwa lib na kuishia kwa nukta so, na penye Windows huishia kwa nukta dll. Ndani ya maktaba hiyo mashine pepe huitafuta fanksheni ya C yenye jina moja tu linalokubalika: Java, kistari cha chini, pwani, kistari cha chini, Salamu, kistari cha chini, toa. Na ikiwa mwandishi alipenda kuiita methodi yake toa_salamu, kistari chake mwenyewe huandikwa kwa kufuatishiwa tarakimu 1, kisije kikachanganywa na vistari vya kutenganisha. Herufi moja ikikosewa, programu hujengwa salama, huanza salama, na siku methodi inapoitwa kwa mara ya kwanza husimama kwa hitilafu iitwayo UnsatisfiedLinkError. Kwa sababu hiyo hapana mwenye busara aandikaye majina haya kwa mkono. Zamani palikuwa na chombo kiitwacho javah cha kuyatunga. Tangu toleo la 8 kompaila yenyewe inaweza kazi hiyo, na katika toleo la 10 javah ikastaafishwa.

Namba huvuka mpaka kwa wepesi, kwa kuwa JNI imeziwekea vipimo visivyobadilika: jint ni biti 32 kila mahali, na jlong ni biti 64 kila mahali, ilhali int na long za C hubadilika kwa kufuata mashine. Maneno ndiyo yenye uzito. Java huzihesabu herufi kwa vipimo vya biti 16; C, kwa desturi, huona mfululizo wa baiti unaokomea kwenye sifuri. Mtu wa pwani aliyezoea kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu ataliona jambo hili waziwazi. Neno salamu kwa herufi za Kilatini ni herufi 6, na kwa UTF-8 ni baiti 6. Neno hilo likiandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa sini, lamu, alifu na mimu, Java husema ni herufi 4, na C husema ni baiti 8, na mwandishi wa C aliyedhani kwamba baiti ni herufi atalikata neno katikati na kuuharibu mwandiko wa watu. Tena ile UTF-8 ambayo JNI huitoa si ya kawaida kwa ukamilifu wake, kwani herufi zilizo nje ya safu ya kwanza, mathalan vile vikatuni vya nyuso ambavyo vijana hupenda kutumiana, hutolewa kwa baiti 6 badala ya 4, na maktaba ya C isiyopewa habari huzikataa au huzichafua. Na maneno yaliyokopwa sharti yarudishwe: kila GetStringUTFChars ina ReleaseStringUTFChars yake, na anayeisahau ya pili huivujisha kumbukumbu tone kwa tone.

Nimefika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, limewatesa watu kuliko yote, nalo ni umri wa marejeo. Rejeo ambalo fanksheni ya C hupewa ni la muda. Huishi mpaka fanksheni irudi kwa aliyeiita, kisha hubatilika. Anayetaka kulihifadhi kwa mwito mwingine sharti aombe rejeo la kudumu kwa NewGlobalRef, na siku akiisha kulihitaji alifute mwenyewe. Sharti hili limeandikwa wazi, na bado lilivunjwa na wengi kwa miaka. Katika matoleo ya mwanzo ya Android, mashine yake pepe, iliyoitwa Dalvik, haikuhamisha vitu, na rejeo la muda kwa hakika lilikuwa ni anwani yenyewe iliyovikwa jina jingine. Basi mtu aliyeitafuta klasi kwa FindClass, akaliweka rejeo lake la muda katika kigeu cha kudumu na kulitumia kesho yake, hakuona dhara lolote. Programu ilipita majaribio, ikauzwa, ikasifiwa. Mwaka wa 2011, katika Android 4.0, wajenzi waliyageuza marejeo ya muda yakawa stakabadhi za kweli, ili wapate njia ya kuleta mzoa taka bora, na programu nyingi ambazo hazikuguswa hata herufi moja zikaanza kufa ghafula. Ililazimu ziwekewe hali ya upole, yaani programu zilizotangaza kwamba zimeandikiwa matoleo ya kabla ya 4.0 ziliachiwa desturi ya zamani. Wako waliowalaumu wajenzi wa Android kwa jambo hili. Mimi sikubaliani nao. Mkataba ulikuwa ni ule ule wa mwaka wa 1997, na aliyeishi kwa bahati hana dai juu ya aliyeufuata mkataba.

Turudi kwa SQLite, kwani huko ndiko mtu awezako kuona kazi hii ikifanywa kwa adabu. Ndani ya Android imo klasi ya Java iitwayo SQLiteConnection, na ndani yake methodi za asilia, mojawapo ikiitwa nativeOpen. Ikiitwa, ombi huvuka hadi kwenye daraja lililoandikwa kwa C++, ndugu wa C, na daraja huifungua hazina na kupata anwani ya muunganisho. Anwani hiyo ni mali ya C. Java haiwezi kuifumbua, wala haina ruhusa. Basi hurudishwa kama namba tupu, na Java huihifadhi bila ya kujua maana yake, ikiitoa kila inapotaka kazi. Zamani namba hiyo ilikuwa ya biti 32; zilipokuja simu za biti 64, kwa Android 5.0 ya mwaka wa 2014, sharti igeuzwe kuwa long, kwa sababu anwani pana haikai katika chombo chembamba pasipo kukatwa kichwa. Tazameni uzuri wa mpango huu, kwamba kila upande umeshika amana ya mwenzake na hapana anayeifungua.

Maneno ya ombi nayo yanapovushwa kwenda SQLite kwa ajili ya kutafuta au kuandika, daraja huiagiza SQLite ijinakilie nakala yake, kwa kuwa maneno ya Java yatarudishwa kwa mwenyewe punde na hayawezi kutegemewa. Na SQLite inaposhindwa, mathalan simu imejaa picha na video hata hakuna nafasi ya kuandika ujumbe mpya, C hurudisha namba ya kosa, kama ilivyo desturi yake. Daraja huipokea namba hiyo na kuifinyangia hitilafu ya Java yenye jina lake, SQLiteFullException, ambayo programu inaweza kuishika na kumwambia mwenye simu kwa lugha ya kistaarabu. Mwandishi wa Java akisahau kuufunga muunganisho, klasi humnong'oneza onyo katika daftari la mfumo, kwani mzoa taka wa Java ataiona ile namba tu, asijue kwamba nyuma yake kuna kumbukumbu na faili lililo wazi.

Katika habari ya hitilafu kuna mtego ambao ni wajibu wangu kuutaja. Msimbo wa Java hitilafu inapotokea huachia kazi papo hapo. C haifanyi hivyo. Methodi ya Java iliyoitwa kutoka C ikitupa hitilafu, C huendelea mstari kwa mstari kana kwamba hakuna lililotokea, na hitilafu hubaki ikining'inia; anayeita fanksheni nyingine za JNI bila ya kuuliza kwanza kwa ExceptionCheck hujenga juu ya msingi uliobomoka. Kadhalika ule mlango wa kuingilia jedwali, uitwao JNIEnv, ni wa uzi mmoja wa kazi tu, na uzi ulioanzishwa na C yenyewe sharti uandikishwe kwanza kwa mashine pepe. Iko swichi ya kujaribia, ndiyo -Xcheck:jni, ambayo huikaza mashine ikague kila mvuko, na namshauri kila kijana anayeingia katika kazi hii aifungue tangu siku ya kwanza, kwa maana kosa la Java huliangusha ombi moja, na kosa la C huiangusha mashine nzima pamoja na kazi za watu wote waliomo.

Katika siku hizi Java ya seva na ya kompyuta za mezani imepata njia mpya, iliyotokana na mradi uitwao Panama na kukamilishwa katika toleo la 22, Machi 2024. Humo mwandishi huieleza fanksheni ya C kwa Java yenyewe, jina lake na aina za namba inazopokea, na mashine hulijenga daraja pasipo msimbo wa C wa katikati. Kumbukumbu ya nje huombwa ndani ya uwanja wenye mwanzo na mwisho uliotajwa; uwanja ukifungwa, yote yaliyokuwamo huachiliwa kwa pamoja, na anayejaribu kuigusa baadaye hupata hitilafu ya Java badala ya maangamizi. Ni maendeleo makubwa, nami nayafurahia, ingawa mwandishi akiieleza fanksheni ya C kwa umbo lisilo lake, njia mpya nayo haina kinga.

JNI haiondolewi. Lakini tangu toleo la 24, lililotoka Machi 2025, programu inayopakia maktaba asilia, kwa njia ya zamani au ya sasa, hutolewa onyo isipokuwa mwenye kuiendesha ametangaza ridhaa yake kwa swichi --enable-native-access, akiitaja moduli anayoiamini. Na wajenzi wamekwisha kueleza kwamba katika toleo litakalofuata baadaye onyo hilo litageuka kuwa katazo. Wenye programu za zamani zinazoitegemea C wanayo nafasi sasa ya kuzipitia moja baada ya moja, kuijua kila maktaba inayopakiwa na anayeipakia, na kuiandika ridhaa hiyo katika amri ya kuanzishia programu.